FUNGUKA: REDIO YA MWALIMU

Mahubiri ya Dominika ya 23 ya Mwaka B wa Kanisa
Masomo: Isa 35:4-7; Yak 2:1-5; Mk 7:31-37



Katika Injili ya leo Bwana wetu yuko katika nchi ya Dekapoli, karibu na ziwa la Galilaya, miongoni mwa watu ambao wengi wao si Wayahudi. Wanamletea kiziwi ambaye pia anasema kwa taabu, wakimsihi amwekee mikono. Wao wanadhani hilo latosha. Lakini Yesu hana haraka. Anamtoa mtu yule katika umati na kumpeleka kando. Anamtia vidole masikioni. Anatema mate. Anaugusa ulimi wake. Anatazama juu mbinguni. Anaugua. Kisha ndipo anapotamka neno moja la lugha ya kwao: Efatha, yaani, funguka.

Tuhesabu pamoja, ndugu zangu. Ni vitendo sita kabla ya neno moja. Yeye aliyeutuliza upepo na bahari kwa amri ya kinywa chake, mbona kwa mtu huyu anatumia mikono kwanza? Jibu liko wazi tukitafakari kidogo. Mtu huyu ni kiziwi. Maneno hayawezi kumfikia. Basi Yesu anasema naye kwa njia pekee iliyobaki wazi, yaani kwa kumkaribia na kumgusa.

Leo tungependa kuitafakari Injili hii kwa msaada wa kisa kilichotupata sisi wenyewe kisiwani Mafia. Ni kisa cha redio ya zamani. Mtakaposikia mwisho wake mtaona kwamba hatukisimulii kwa kujisifu.

Mwaka 2012 tulikuwa tukitoa huduma katika kisiwa hicho. Wanaokifahamu wanajua kwamba wenyeji walio wengi sana ni ndugu zetu Waislamu, na sisi Wakristo tu wachache, wengi tukiwa tumetoka bara kwa sababu ya kazi. Miongoni mwa wachache hao alikuwako mzee mmoja, katekista mstaafu, ambaye alivuka bahari zamani sana akiwa kijana, kuja kufanya kazi katika mashamba ya minazi. Watu wote, Wakristo kwa Waislamu, walimwita Mwalimu. Alikuwa amefiwa na mkewe. Miguu ilikuwa haimbebi tena, na macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu hata hakuweza kusoma. Aliishi kijijini, mbele ya Kirongwe, na kufika Kilindoni kusali hakuweza.

Kilichomletea ibada ya Jumapili, taarifa ya habari na matangazo ya vifo kilikuwa kitu kimoja tu. Ni redio ya National, ya zile zilizotengenezwa Dar es Salaam katika miaka ya sabini, yenye mkanda wa ngozi na nafasi ya mawe manne makubwa. Kwa redio hiyo hiyo, mwaka 1973, Mwalimu aliwakusanya majirani chini ya mwembe wasikilize masomo ya kampeni ya Mtu ni Afya, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Vijana wa kijijini walikwisha kuwa na simu zenye redio ndani yake, lakini yeye hakuitaka simu. Vidole vyake vilizoea kirungu cha redio yake.

Yafaa tuseme neno juu ya chombo hiki, kwa maana vijana wetu hawajui kilikuwa ni ukombozi wa namna gani. Kanisa liliitambua redio mapema. Tarehe 12 Februari 1931 Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Moja alizindua Radio Vatikano, iliyojengwa na mvumbuzi Guglielmo Marconi mwenyewe. Lakini redio za wakati ule zilikuwa na vali za kioo, zilikula umeme mwingi, nazo zilikaa katika nyumba za wenye uwezo. Mwezi wa Desemba mwaka 1947, huko Marekani, wataalamu John Bardeen na Walter Brattain, wakifanya kazi katika kundi lililoongozwa na William Shockley, waliunda kidude kidogo kinachoitwa transista, na mwaka 1956 wote watatu wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Transista haihitaji kupashwa moto kama vali, na hutosheka na nguvu kidogo ya betri. Kwa sababu hiyo redio iliweza kuingia katika kibanda cha mvuvi na cha mkulima. Mtume Yakobo, katika somo la pili, anatukemea tunapompa tajiri kiti kizuri na kumwambia maskini asimame kule. Kidude hicho kilimpa maskini kiti mbele ya habari sawa na tajiri.

Basi mwezi wa Juni, kusi ikivuma, redio ya Mwalimu ilinyamaza. Tulipofika kumpelekea Komunyo Takatifu aliiweka mikononi mwetu, akasema, “Baba, wewe umesoma. Hebu itazame.”

Maneno hayo yalitupendeza mno. Tulikuwa tumesoma falsafa na teolojia katika seminari kuu na kupata shahada, nasi tukadhani kwamba aliyemaliza maandiko ya Mtakatifu Thoma wa Akwino hawezi kushindwa na kisanduku cha nyaya. Tukamwahidi, “Wiki moja tu, Mwalimu.”

Usiku ule, nyumbani, tulinunua mawe mapya tukayatia. Kimya. Tukachukua bisibisi tukafungua mgongo wa redio. Ndani mlikuwa na spika, na kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba kama unywele, ambacho ndicho kinachodaka mawimbi, na ubao mwembamba wenye vidude vingi. Juu ya ubao huo vilisimama vijumba vidogo vya bati, na kila kijumba kilikuwa na parafujo ndogo ya rangi utosini. Parafujo hizo zilionekana kwetu zimelegea. Tukafurahi, tukasema, kumbe ugonjwa ndio huu! Tukazikaza zote, moja baada ya nyingine, mpaka zikagoma.

Fundi yeyote anayetusikiliza sasa hivi ameshika kichwa. Parafujo zile hazikulegea. Ziliwekwa pale kiwandani kwa kipimo. Hewani kuna sauti nyingi kwa wakati mmoja, na kazi ya vijumba vile ni kuiacha sauti moja ipite na kuzizuia nyingine. Katika redio nyingi za namna ile vingi kati ya hivyo huwekwa katika wimbi moja la kilohezi 455, navyo hufanya kazi kwa kupatana. Ukiigeuza parafujo moja pasipo kujua, umeuvunja upatanifu wao. Redio ile ilikuwa na ugonjwa mmoja. Mikononi mwetu ikapata wa pili.

Wiki ikapita. Tukaenda kwa Mwalimu tukamwambia, “Bado kidogo. Kuna kifaa tunakisubiri kutoka Dar es Salaam.” Ndugu zangu, hakukuwa na kifaa chochote kilichoagizwa. Huo ulikuwa uongo, na yafaa tuuite kwa jina lake. Wiki ya pili tukasema vivyo hivyo, na ya tatu pia. Mwisho haya ikatushinda, tukaacha kwenda. Komunyo tukamtuma mwingine ampelekee, tukijipa sababu ya kazi nyingi. Mwezi wote wa Julai na wote wa Agosti hatukukanyaga mlangoni kwa Mwalimu. Redio ilikaa rafuni, imefunguliwa mgongo, nasi kila usiku tukaipita kama mtu anayempita mdai wake njiani.

Kisha ikafika Dominika hii tunayoiadhimisha leo, na Injili hii hii. Tulikaa mezani kuandaa mahubiri. Tulipofika mahali ambapo Yesu anamtia kiziwi vidole masikioni, kalamu ilikwama. Tungewezaje kuwahubiria waamini juu ya Bwana aliyemsogelea kiziwi, ilhali sisi tulikuwa tukimkimbia kipofu?

Kesho yake tuliifunga redio katika kitambaa, tukaenda kwa fundi mmoja karibu na soko la Kilindoni. Ni Mwislamu mcha Mungu, mtu wa maneno machache. Aliitazama ndani, akatazama parafujo, kisha akatutazama sisi.

“Padri, nani ameigusa hii kabla yangu?”

Tulikaa kimya kidogo. Halafu tukakiri kwamba ni mikono yetu, tukamweleza jambo zima, na tukamweleza pia uongo wetu.

Alitabasamu, akasema, “Basi kazi imekuwa nusu. Mtu akisema alichokifanya, fundi anajua pa kuanzia. Wanaonichosha ni wale wanaoapa kwamba haijaguswa.”

Wapendwa, tumesoma vitabu vingi juu ya Sakramenti ya Kitubio. Hatukumbuki kama tuliwahi kufundishwa kwa uwazi kuliko siku ile, juu ya benchi la fundi redio.

Alituuliza, “Ulianzia wapi?” Tukamjibu kwamba tulianzia katika parafujo. “Umeanza mwisho,” akasema. “Anza na betri siku zote.” Kisha badala ya kuifanya kazi yeye, alitupa kiti, akatuamuru tuifanye kwa mikono yetu naye akituelekeza.

Tulifungua nyumba ya betri. Mawe ya zamani yalikuwa yamevuja, na chumvi ya bahari, ambayo kule Mafia hula kila kitu cha chuma, ilikuwa imemalizia. Springi zilikuwa na kutu ya kijani na unga mweupe. Tukazisugua kwa msasa laini, tukazifuta kwa spiriti mpaka zikang'aa. Nyuma ya springi waya mwekundu ulikuwa umeoza ndani ya ganda lake. Kwa nje ulionekana mzima, lakini ulipovutwa kidogo ulitoka mkononi. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wa kwanza. Nguvu ilikuwamo katika mawe mapya, ila haikuwa na njia ya kupita. Tukakata kipande kilichooza, tukalehemu waya mpya. Hapo napo alitusahihisha. Tulikuwa tukiyeyusha risasi na kuidondosha juu ya waya uliopoa. “Upashe moto waya kwanza,” akasema, “risasi itaukubali yenyewe.” Kirungu cha sauti kilikuwa kimejaa vumbi. Tukakidondoshea spiriti, tukakizungusha huku na huku. Akabadilisha pia kapasita moja iliyokauka kwa uzee.

Tukawasha. Spika ikatoa mvumo hafifu, kama bahari inavyosikika kutoka mbali. Hakukuwa na sauti ya mtu, lakini chombo kilikuwa hai.

Hapo ikaadhiniwa alasiri. Fundi akainuka, akaenda kusali, nasi tukasalia pale na mvumo ule. Aliporudi alitoa kijiti cha mwanzi alichokichonga mwenyewe, kwa sababu bisibisi ya chuma huvuruga vijumba vile na yaweza kukivunja kilichomo. Akawa anaigeuza parafujo moja kidogo sana, anasikiliza, anairudisha, anasikiliza tena. Hakuna aliyesema. Muda ulipita mrefu. Kisha kutoka katika mvumo ikachomoza sauti ya mtu, kwanza kama ya mtu aliye chini ya maji, baadaye wazi kabisa, ikisoma habari.

Tulipouliza gharama, alitutoza bei ya kapasita na waya tu. “Hii si redio ya Mwalimu?” akasema. “Ndiye aliyemfundisha marehemu baba yangu kusoma, wakati wa kisomo.”

Jioni ile ile tulikwenda kijijini. Mwalimu alikuwa amekaa kibarazani. Alitutambua kwa hatua. “Karibu, Baba. Tumsifu Yesu Kristo.” Tulikaa chini, na kabla ya kuwasha redio tukamwambia, “Mwalimu, hakukuwa na kifaa kilichosubiriwa kutoka Dar es Salaam. Tuliiharibu kwa kutojua, tukakudanganya, tukaona haya kuja. Tusamehe.”

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, “Hilo nililijua wiki ya tatu, Baba. Asiyeona husikia sauti inapobadilika. Redio kunyamaza nimezoea, hata mawe yakiisha hunyamaza. Ulipokuwa ukija na uongo wako, walau nilikuwa na mgeni. Ulipoacha kuja, nilibaki sina redio na sina mtu.” Akatuwekea mkono kichwani, jinsi wazee wanavyowafanyia watoto wao. “Nimekusamehe. Sasa niwashie nisikie.”

Tukawasha. Akaipakata redio magotini, akaigeuza taratibu upande huu na upande ule mpaka sauti ikasimama vizuri, maana kijiti kile cha ndani hudaka mawimbi kufuatana na kinavyoelekezwa. Akasikiliza labda dakika mbili, akitabasamu. Kisha, wapendwa, akaizima.

“Inafanya kazi,” akasema. “Nitaisikiliza usiku. Sasa tuongee.”

Ndugu wapendwa katika Kristo, kisa hiki kina mafundisho mengi, na kila mmoja atachukua lake. Sisi tungependa kuwaachia matatu.

La kwanza, tuanze na betri. Nyumba ikiingiwa na ukimya, mume na mke wakiwa hawasemezani, mtoto akiwa hasikii tena, jumuiya ndogo ndogo ikiwa imepoa, haraka yetu ni kuzikaza parafujo za mwenzetu. Tunataka kubadili tabia yake, mawazo yake, hata ndugu zake. Huko ndani kabisa ni mahali pa Mungu aliyemuumba, nasi hatuna kipimo cha kiwandani. Tuanze na yaliyo karibu. Je, tumesali pamoja wiki hii? Je, tumesalimiana asubuhi? Je, upo waya uliooza ndani ya ganda zuri, ambao kwa nje waonekana mzima? Mara nyingi upendo haujaisha. Kutu tu imeziba njia yake. Nanyi makatekista, mkikutana na mwanafunzi aliye mgumu, kumbukeni neno la fundi juu ya risasi: waya ulio baridi haushiki. Mpasheni moto kwa upendo kwanza, na fundisho litashika.

La pili, tuseme tulichokigusa. Dhambi yetu kisiwani Mafia haikuwa kutojua redio. Kutojua si dhambi, na mwanafunzi yeyote huharibu kitu kabla ya kukijua. Dhambi yetu ilianza pale tulipoficha, na ikakua pale haya ilipotuzuia kumwendea mtu aliyetuhitaji. Wako wengi wanaotusikiliza sasa ambao wameacha kwenda kwa mzazi, kwa rafiki, kwa muungamishi, na hawajaacha kwa chuki. Wana redio rafuni iliyofunguliwa mgongo. Ni deni ambalo hawakulipa, au ahadi ambayo hawakuitimiza. Wapendwa, yule mnayemkwepa huenda alikwisha kujua tangu wiki ya tatu. Huenda hangojei redio. Anawangoja ninyi.

La tatu, tusogee karibu. Sisi tunaosema nanyi kwa njia ya redio tunamshukuru Mungu kwa chombo hiki, lakini hatuwezi kumtia mtu vidole masikioni. Sauti yetu inafika kitandani kwa mgonjwa, mkono wetu haufiki. Mkono huo ni wako, ndugu msikilizaji. Katika ibada ya Ubatizo mna tendo linaloitwa Efatha, ambapo mhudumu huyagusa masikio na kinywa cha mbatizwa, ili alisikie Neno na kuitangaza imani. Tendo hilo halikuisha siku ile kisimani. Nabii Isaya, akiwatia moyo watu waliokata tamaa, aliona siku ambayo viziwi watasikia na mabubu wataimba, na nchi kavu itabubujika maji. Siku hiyo huanza pale mmoja wetu anapoinuka na kwenda mpaka kwenye kibaraza cha mwenzake.

Juma hili tujipe kazi moja ndogo. Kila mmoja amkumbuke mtu mmoja aliyebaki bila sauti ya mtu: mzee, mjane, mgonjwa, au yule tuliyemficha jambo. Tumwendee kwa miguu yetu. Tukiwa na kosa, tulitaje kabla ya yote. Na tukiikuta redio yake ikisema, tumwombe aizime kidogo, tuongee naye.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyemtenga kiziwi na umati ili umguse, utuguse na sisi. Yafungue masikio yetu yaliyozibwa na majivuno, na ndimi zetu zilizofungwa na haya. Wabariki mafundi wote wanaotengeneza kwa subira vilivyoharibika, na wazee wetu wote wanaotungoja vibarazani. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.